Lori la kambi lililojengwa nyumbani: lipime kwanza, vitanda baadaye

SWALI: Fundi, salamu kutoka Jinja. Mimi na mume wangu tumepata lori la kambi linalouzwa Entebbe. Ni Isuzu Elf ya 4x4, ya mwaka 1997, injini 4HF1, kabini ya kawaida, namba za Uganda. Mwenyewe amelijenga nyumbani kwake akisaidiwa na mafundi wa kuchomelea kutoka Katwe, Kampala. Nyuma kuna boksi la chuma la milimita 2, urefu mita nne na nusu, lenye vitanda vya watu wanne, jiko la gesi, friji, tenki la maji la lita 300, sola ya wati 400 na betri mbili za Ah 200. Ndani kunavutia sana. Anataka milioni 75. Tunataka kwenda kwenye hifadhi, Kidepo na Ishasha, na watoto wetu wawili, na baadaye tulikodishe kwa wageni. Tuangalie nini? Bei ni ya haki? Na watoto wanaweza kukaa nyuma safarini?

JIBU: Dada yangu, jambo la kwanza: msitoe hata amana kabla lori hilo halijapanda mizani, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, tenki la maji na la dizeli yakiwa yamejaa. Barua yako imejaa vitanda, jiko na friji, nami naelewa, kwa sababu ndivyo muuzaji alivyowaonyesha. Lakini vitanda na jiko ni kazi ya seremala yeyote mzuri wa hapo Jinja. Yasiyobadilishwa kirahisi ni mawili: uzito wa boksi, na namna boksi lilivyofungwa kwenye chesisi, yaani mifupa ya gari. Hayo yakiwa sawa, kasoro nyingine zote zina dawa na dawa hiyo ina bei. Yakiwa mabaya, mnanunua lori la kufumuliwa.

Tuanze na uzito. Gari la mtumba likitoka Japani huja na cheti cha kuuzwa nje, na mwenye gari mwangalifu hutunza nakala pamoja na karatasi za forodha. Mwombeni muuzaji awaonyeshe. Kwenye cheti hicho tafuteni namba tatu: uzito wa gari tupu, mzigo linaloruhusiwa kubeba, na uzito wa jumla. Tuseme cha kwenu kinasema 2,950, 2,000 na 5,115. Ukijumlisha mbili za kwanza unapata 4,950. Zile kilo 165 zinazobaki ni watu watatu wa kabini, maana Wajapani huhesabu kila mtu kilo 55. Hiyo 5,115 ndiyo mpaka. Ekseli, springi, breki na matairi ya kiwandani vilipangwa kwa namba hiyo.

Sasa chukua kalamu. Boksi la mita 4.5, upana mita 2.1 na kimo mita 2, lina eneo la mita za mraba kama 45 ukihesabu kuta, paa na sakafu. Chuma cha milimita 2 kina kilo 15.7 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo ganda la nje peke yake ni kilo 700 na ushei. Mabomba ya mraba ya fremu, 40 kwa 40, yana zaidi kidogo ya kilo mbili kwa mita. Mita 75 zinaongeza kilo 170. Plaiwudi ya ndani ya milimita 9, kilo 240. Madirisha, mlango, povu la kuzuia joto na gundi, weka 120. Hujaingiza kabati hata moja na umeshapita kilo 1,200.

Endelea. Shiti moja kubwa ya plaiwudi ya milimita 18 ina kilo 32 hivi, na vitanda vinne na makabati hula shiti nane: kilo 250. Maji lita 300 ni kilo 300. Betri mbili za asidi za Ah 200 ni kilo 120. Friji, jiko, mtungi, inverta na paneli, 150. Keria, tairi la akiba, jeki, zana na dizeli ya ziada, 280. Watu wanne na mizigo yao, 430. Yote pamoja na boksi yanakaribia kilo 2,780. Elf ikivuliwa bodi yake ya mizigo hubaki na, tuseme, kilo 2,600. Mmefika 5,380. Mko kilo 265 juu ya mpaka, na hamjapakia mkaa, maji ya kunywa wala gunia la viazi mtakalonunua njiani.

Haya ni makadirio yangu kutokana na vipimo ulivyoniandikia. Mizani itatoa namba za kweli. Nimeyafanya ili muone jinsi lori dogo linavyojaa bila mtu kukusudia. Mjenzi wa nyumbani huongeza kitu kimoja kimoja, kila kimoja kidogo, na hakuna siku anayojisikia kwamba amezidisha. Angetumia paneli zenye povu katikati na faiba kila upande, boksi la ukubwa huohuo lingekuwa jepesi mno. Chuma kimechaguliwa kwa sababu kinapatikana na kinachomeleka kila mahali, na hiyo ni sababu ya heshima, lakini uzito wake mtaubeba ninyi kila mlima.

Mizani ya barabarani iko Magamaga, hapo karibu nanyi, na wenye maghala ya nafaka na viwanda vya sukari wana ya kwao, ambayo mara nyingi hupima gari la mtu kwa malipo madogo. Lori liko Entebbe, basi mwambieni muuzaji mtapima mahali popote atakapopendekeza njiani, ninyi mkilipa. Mizani ikiwa fupi, pandisha ekseli ya mbele tu, andika, kisha ya nyuma. Kisha endesheni upande wa kushoto tu juu ya bamba, kama pana nafasi salama. Tenki la maji, betri na kabati la jiko vikiwekwa upande mmoja, tofauti ya kilo mia mbili kati ya kushoto na kulia ni jambo la kawaida, na kwenye barabara iliyoinama upande, kama zile za kuelekea Bwindi, utaihisi kwenye usukani. Muuzaji akikataa mizani, asanteni kwa chai na mrudi nyumbani.

Namba za ekseli zilinganisheni na matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba ya uwezo wa kubeba: 118, kwa mfano, ni kilo 1,320, kwa hiyo matairi mawili ya mbele ya aina hiyo hubeba 2,640 yakiwa na upepo kamili. Palipoandikwa namba mbili, kama 122/118, ya pili ni ya matairi yaliyofungwa mawili mawili. Karibu na hapo kuna tarakimu nne za tarehe: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la lori la kambi huzeeka kabla halijaisha meno, kwa sababu gari hukaa juani miezi mingi. Lenye nyufa ndogo ubavuni, hata kama meno ni mapya, hesabuni kwamba mtalinunua upya. Na nyuma pakiwa na matairi mawili mawili, chunguzeni katikati yake; jiwe likikwama hapo hukata mbavu za yote mawili.

Sasa tuingie chini ya gari, na hapa ningependa mtumie nusu ya muda wenu wote.

Chesisi ya lori hujengwa ili ipinde. Ni kama ngazi ya mianzi: ukishika ncha moja na mwenzako akapindisha nyingine, inakubali, kisha inarudi. Gurudumu la mbele la kushoto likipanda jiwe huku la nyuma la kulia likiwa shimoni, reli mbili za chesisi haziko tena kwenye usawa mmoja, na ndivyo inavyotakiwa. Boksi la chuma lililochomelewa pembe zote halipindi. Ukilifunga kwa nguvu kwenye chesisi mwanzo hadi mwisho, mmoja lazima ashindwe. Ama pembe za boksi na fremu za madirisha zitapasuka, ama chesisi itapasuka pale boksi linapoanzia nyuma ya kabini. Kwenye lami ya Kampala kwenda Jinja hamtaliona hilo hata miaka mitatu. Kwenye barabara za Karamoja, za kwenda Kidepo, mtaliona mapema.

Fundi anayejua kazi hii huweka fremu ya pili juu ya chesisi, akaifunga imara nyuma, na mbele akaacha bolti ndefu zenye springi zinazoiruhusu chesisi kushuka sentimita chache bila kulivuta boksi. Mwingine hutumia nguzo tatu au nne zenye bawaba, boksi likabaki wima huku chesisi ikicheza chini yake. Njia zote mbili ni nzuri. Mkikuta yubolti (bolti za umbo la U) zilizokazwa kuanzia mbele hadi nyuma bila springi wala mpira, hiyo ni kasoro, ila inarekebishika kwa boksi kunyanyuliwa na kazi kufanywa upya. Mkikuta boksi limechomelewa moja kwa moja kwenye chesisi, acheni lori hilo. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma cha chesisi, na huwezi kujua limefika wapi. Angalieni pia matundu mapya. Reli ya chesisi ina umbo la C. Ukuta wake wa wima huvumilia matundu yaliyotobolewa kwa mpango, lakini mikunjo yake ya juu na chini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mvuto na mbano, na karibu watengenezaji wote wa malori hukataza kuitoboa.

Mafundi wa Katwe ni hodari, na sisemi hivyo kwa adabu. Vyuma vingi vya Kampala vimetoka mikononi mwao. Lakini aliyezoea mageti na madirisha hujenga kitu kitakachosimama mahali pamoja. Kazi ya kuelewa kwamba hiki kitapindwa kila mita ilikuwa ya mwenye lori. Mwulizeni kwa upole: "Boksi umelifungaje ili chesisi ipate kucheza?" Akianza kueleza kwa mikono, akawaonyesha springi zake, mmepata mtu aliyefikiri. Akijibu kwamba amelikaza sana haliwezi kutoka, mmepata jibu pia.

Kutafuta ufa hakuhitaji mashine. Sugueni kwa brashi ya waya sehemu hizi: nyuma tu ya kabini, kwenye mikono inayoshikilia springi, kwenye viungo vya reli na vyuma vya kukingama, na popote penye bolti ya boksi. Pakeni mafuta ya taa, subirini dakika kadhaa, futeni hadi pakauke kabisa, kisha pakeni unga wa chaki. Palipo na ufa mafuta yatapanda kutoka ndani na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Rangi mpya nyeusi chini ya gari la mwaka 1997, wakati juu rangi ni ya zamani, nayo isuguliwe. Malori mengi ya 4x4 ya Japani yalifanya kazi kwenye mikoa ya theluji, kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi. Chumvi hiyo huanza kula chesisi kwa ndani ya ule umbo la C na kati ya mabamba ya springi. Gongeni kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bubu.

Kisha fanyeni jaribio ninalolipenda kuliko yote. Tafuteni mahali gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili yatapanda juu, hata kingo za mtaro au magogo mawili. Simamisheni gari hapo, likiwa limepinda. Nenda ukafungue mlango wa boksi, kisha madirisha yote. Mlango ukifunguka na kufungwa kama ulivyokuwa kwenye tambarare, boksi halipokei mpindo. Ukigoma, au kioo kikilia, kila safari itakuwa inalivunja. Mume wako aangalie wakati huohuo nafasi kati ya kabini na boksi: inapaswa kubadilika kona kwa kona. Isipobadilika kabisa, chesisi imefungwa.

Mvua na vumbi havihitaji mtaalamu. Vuteni droo ya chini kabisa, karibu na mlango wa nyuma, mpitishe kidole kwenye kona. Vumbi jekundu likiwemo, hewa ya nyuma ya gari inalivuta ndani kila mnapopita barabara ya changarawe, na mtalala nalo. Lipelekeni sehemu ya kuoshea magari, mwambie kijana amwage maji kwa nguvu kwenye viungo vya paa na madirisha kwa dakika kumi huku wewe ukiwa ndani na tochi. Bonyezeni plaiwudi kwa dole gumba chini ya kila dirisha na chini ya tenki. Inayobonyea imeoza. Msidanganywe na ukavu kama mnanunua Januari au Julai.

Upande wa mwendo, mfike asubuhi mapema, na kabla ya salamu ndefu mguse injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla yenu. Rudini siku nyingine. 4HF1 ni injini nzuri ya cc 4,334, haina turbo, inavumilia dizeli yetu, na vipuri vyake vinapatikana. Ikishaamka, fungueni kifuniko cha kuongezea oili: mvuke kidogo ni sawa, moshi unaosukuma kwa mapigo ni pistoni na ringi zilizochoka. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Kwa kuwa haina turbo, itapungukiwa nguvu milimani. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo kilo zile 265 za ziada zitakuwa na sauti. Pandeni mlima mrefu mkiangalia kipimo cha joto. Mkishuka, jaribuni breki ya ekzosi: swichi ikiwekwa na mguu ukiondolewa kwenye mafuta, gari linapaswa kushikwa na injini. Lori zito lisilo na breki hiyo huzipika kwa joto breki za magurudumu, na kwenye mteremko wa kuingia Kisoro sitaki muwe ndani yake.

Nguvu ya magurudumu manne ithibitishwe, isisadikiwe. Kwenye changarawe ingizeni 4x4, kateni kona kali taratibu: usukani unapaswa kuwa mzito na magurudumu ya mbele kubana kidogo. Usipohisi chochote, ya mbele hayavuti. Fanyeni hivyo kwenye udongo tu, maana kwenye lami kunaharibu transfa, yaani boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Fungueni bolti ya kujazia oili kwenye difu zote mbili (yale maboksi ya gia katikati ya ekseli) na transfa, mchote kwa kidole. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji, na maji yaliingia gari lilipovuka mto. Ulizeni kama kuna gia nzito za transfa, zile za mwendo wa polepole na nguvu nyingi. Baadhi ya Elf za 4x4 ziliundwa kwa ajili ya theluji ya mjini, ziko chini na difu zake hugusa kati ya njia mbili za magurudumu. Ishasha ikinyeshewa huteleza vibaya, na udongo mweusi wa Karamoja hujaza matairi mpaka gari likawa halina meno. Hapo urefu wa difu kutoka ardhini una maana kuliko picha zilizobandikwa ubavuni.

Umeme nitausemea zaidi kidogo, kwa sababu ndiko nyumba hizi huungulia. Elf ni gari la volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Friji, taa na pampu za kambi mara nyingi ni za volti 12. Mjenzi mwenye haraka huchukua waya kutoka betri moja kati ya zile mbili za gari, akapata volti 12 bila gharama. Betri hiyo hunyonywa, mwenzake hujazwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Fungueni sanduku la betri: waya mwembamba uliotoka katikati ya betri hizo mbili ukienda nyuma ni alama ya kazi mbaya. Kinachotakiwa ni kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, au betri za nyumba zinazochajiwa kwa njia yake. Kila waya mnene unaotoka kwenye betri za nyumba uwe na fyuzi ndani ya sentimita chache kutoka kwenye betri. Waya unaopita kwenye tundu la chuma bila mpira utachubuka barabarani, na pasipokuwa na fyuzi, waya huo ni kiberiti.

Sola ya wati 400 kwa jua letu hutoa kama saa-wati 1,400 kwa siku nzuri. Friji ndogo ya kompresa hula nusu yake au karibu hapo. Inawatosha kwa taa, simu na friji. Haiwatoshi kwa birika la umeme, hata kama inverta imeandikwa wati 3,000.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni. Mtungi uwe kwenye kabati lililozibwa kabisa upande wa ndani, lenye tundu la chini linalotoa nje ya gari. Pakeni povu la sabuni kwenye viungo vyote, jiko likiwa limezimwa na mtungi umefunguliwa. Ndani kuwe na njia ya pili ya kutokea, dirisha ambalo mtoto anaweza kulifungua mwenyewe na kupita. Boksi lenye mlango mmoja, na jiko likiwa karibu na mlango huo, nisingemlaza humo mtoto wa mtu.

Karatasi. Linganisheni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye reli na ile ya kwenye logibuku (kadi ya gari), tarakimu kwa tarakimu, na mwangalie kama pana alama za kuchomelea pembeni yake. Tafuteni uhakika kwenye usajili wa magari kwamba logibuku haijawekwa rehani kwa mkopeshaji. Mikopo ya aina hiyo ni mingi hapa. Faini za barabarani ambazo hazijalipwa zilipwe na muuzaji kabla ya kubadilisha jina, na ninyi na yeye mtahitaji TIN, namba ya mlipakodi. Jambo ambalo watu hulisahau ni aina ya bodi. Gari likiwa limeandikwa lori la mizigo na sasa ni nyumba, mabadiliko hayo yasajiliwe, la sivyo kampuni ya bima itakuwa na pa kukukatalia siku ya ajali. Ada za magari kwenye hifadhi za UWA, mamlaka ya wanyamapori, nazo hutegemea aina ya gari na nchi lilikosajiliwa. Na kwa kuwa mnataka kulikodisha, leseni ya biashara ya kubeba watalii ni suala jingine kabisa; liulizeni kabla ya kununua.

Mkilikosa hili mkaletewa lingine lenye namba za Ulaya, la mtalii aliyemaliza safari, kuweni macho. Magari hayo kwa kawaida huingia kwa karneti, yaani kwa muda, bila kulipiwa ushuru. Kuuziana tu hakulifanyi kuwa lenu. Tena tangu sheria ya 2018, kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe kumekatazwa. Msilipe mpaka URA, mamlaka ya mapato, wamewaambia kwa maandishi kama linaweza kulipiwa ushuru na kwa kiasi gani.

Kuhusu bei, msinunue jasho lake. Aliyejenga kwa miaka anaihesabu kila Jumamosi yake, na ni haki yake kuipenda kazi yake, lakini soko halilipi Jumamosi. Ulizeni kwa wauza malori Elf ya 4x4 ya umri huo, yenye bodi ya kawaida, inauzwaje leo. Ongezeni nusu ya bei ya vitu vinavyoweza kung'olewa na kuuzwa, mkiona risiti: friji, paneli, inverta, betri kama bado ni nzima. Boksi lenyewe lihesabiwe kama litapita majaribio ya mizani na mpindo. Kwa mfano wa hesabu tu: lori tupu likiwa milioni 48, vitu vya ndani vikiwa vilinunuliwa kwa 16, mnaongeza 8. Boksi zuri mlipe vifaa vyake, tuseme 6. Hapo ni 62. Boksi likishindwa, msiongeze hiyo 6, bali mkate gharama ya kulinyanyua na kulifunga upya, pamoja na matairi, labda 10, na mnabaki na 46. Milioni 75 ningezielewa kama lori lingekuwa jepesi, limefungwa kwa springi, lenye matairi mapya na karatasi zilizonyooka.

Mwisho, watoto. Hapana, wasikae nyuma. Kiti cha kukalia wakati gari linatembea kinahitaji kufungwa kwenye chuma kinachofika fremu, kiwe na mkanda, kielekee mbele, na kiwe kimesajiliwa. Benchi la plaiwudi lenye godoro halina hata kimoja. Pia aliyeko nyuma hasikiki na dereva, na harufu ya gesi au moshi ataijua yeye kwanza. Kabini ya kawaida ya Elf ina viti vitatu, na ninyi ni wanne. Hili peke yake laweza kulimaliza jambo, kwa hiyo kabla ya nauli ya Entebbe mpigieni muuzaji mumwulize viti vingapi vimeandikwa kwenye logibuku. Akisema vitatu, tafuteni Elf au Mitsubishi Canter ya 4x4 yenye kabini ya milango minne, hata kama ni tupu kabisa nyuma, na boksi mlijenge ninyi, fupi na jepesi. Mkifika hapo niandikieni, nitawachorea namna ya kuifunga ile fremu ya pili.